Kura ya Mwito wa Pili

Nyinyi ambao asubuhi ya leo mmefungua bomba na maji yakatoka, kaeni kidogo mnisikilize. Hadithi hii ni ya watu waliokuwa kama nyinyi. Walikuwa na bomba, walikuwa na kisima, na walikuwa na viongozi. Hapo kwenye viongozi ndipo shida ilipoanzia.

Katika kijiji cha El Garambullo, upande mkavu wa jimbo la Querétaro, waliishi don Hilario Olvera na mkewe doña Domitila. Figo za Domitila zilikuwa zimekwisha kwa kisukari, kama zilivyokwisha za wengi pale kijijini. Hospitali ilimtia mpira tumboni, na mara nne kwa siku Hilario alimjaza mfuko wa maji ya dawa kupitia mpira ule, maji yakakaa tumboni, kisha akayatoa yakiwa na uchafu wote ambao figo zilishindwa kuutoa. Ndiyo iliyokuwa pumzi ya Domitila.

Kabla ya kumfundisha Hilario kazi hiyo, hospitali ilimtuma mama wa ustawi wa jamii aje aikague nyumba. Alitaka chumba kilichopakwa rangi, dirisha lenye wavu, mlango ambao mbuzi hawapiti, na sinki lenye maji yanayotiririka. Si ndoo wala beseni. Yanayotiririka. Hilario akajenga chumba hicho kwa mikono yake, matofali kwa matofali, akakipaka chokaa ya buluu kwa sababu Domitila alisema hataki kufia kwenye chumba kinachofanana na ofisi.

Basi kila asubuhi ungemkuta Hilario pale sinkini, mikono imejaa povu hadi viwikoni, akisugua kucha moja moja, na mkewe amekaa kitandani akimngoja.

"Hilario, hizo kucha utazimaliza," Domitila humwambia. "Hata padre hanawi hivyo, naye anamshika Mungu."

"Mungu hapati usaha," Hilario hujibu. "Vuta shati."

Maji yale yalitoka katika kisima cha ejido, yaani ardhi ya pamoja ya wanakijiji. Walikichimba kwa msaragambo, zamani, wakati Domitila bado ana nguvu za kubeba chakula cha wachimbaji. Kila nyumba ilichimba mita zake za mtaro kwenye mwamba mweupe, na nyumba ambayo haikuchimba haikupata bomba. Hilario alichimba zake, kisha akachimba za jirani mjane. Kwa hiyo maji yale hakupewa na mtu.

Sasa akaja Baldomero.

Baldomero Rangel alikuwa mwenyekiti wa ejido. Alikuwa pia kompadre wa Hilario, maana ndiye aliyemsimamia Nieves, binti pekee wa Hilario, siku ya ubatizo. Kompadre ni zaidi ya ndugu. Ndugu umezaliwa naye, kompadre umemchagua mbele ya altare. Baldomero alikuwa kompadre wa nusu ya kijiji, na hilo si bahati tu. Lipo jambo la kujifunza hapo.

Alikuja na injinia kijana mwenye kofia ngumu nyeupe. Wakakaa uani, Nieves akawaletea matunda ya mpungate yaliyomenywa. Injinia akaeleza kwa upole kwamba kampuni yake inajenga nyumba za mashine ng'ambo ya barabara, kwenye shamba lililouzwa la matajiri wa zamani. Ndani ya mashine hizo yatahifadhiwa mambo yote ambayo watu wanayaweka kwenye simu zao: picha, barua, hesabu za benki, sinema. Wameshajenga nchi nyingine mpaka nafasi imekwisha, sasa wanakuja huku. Ardhi wanayo. Umeme wameahidiwa. Kilichobaki ni maji kidogo tu, na ejido ina kibali cha kisima kikubwa kuliko mahitaji yake.

Domitila alikuwa amesikiliza yote akiwa mlangoni.

"Kwa hiyo picha za arusi ya Nieves zinakaa ndani ya nyumba?" akauliza.

"Ndiyo, doña. Ndani ya mashine."

"Na zinasikia joto."

"Mashine ndizo zinazopata joto. Tunazipoza kwa maji."

"Kumbe," Domitila akasema. "Dada yangu mwaka wa pili huu analala chini ya turubai, na picha zinajengewa nyumba na kuogeshwa."

Injinia akacheka kwa haya. Baldomero akacheka zaidi yake, akampiga Hilario begani, akasema kutakuwa na kazi kwa vijana wote, na kwamba maji yenyewe ni kidogo. Kidogo kiasi gani, hakuna aliyeuliza, na yeye hakusema. Kiongozi akikwambia "kidogo" bila kukuonyesha kipimo, muulize. Sisi wa El Garambullo hatukumuuliza.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya El Garambullo, maana ndiyo iliyowaponza. Watu wa kule hawampingi mtu usoni. Utanyanyuaje mkono kikaoni kumkatalia mtu aliyemsimamia mwanao ubatizoni? Ni aibu, na Jumapili mtakutana kanisani. Kwa hiyo jambo wasilolitaka hawalikatai. Hawatokei tu. Huyu mbuzi wake anaumwa, yule kaenda kumwona shangazi. Sheria ya ejido inasema kikao hakisimami bila nusu ya wenye haki, na bila kikao hakuna uamuzi. Kwa njia hiyo walizuia dampo la taka za mji. Kwa njia hiyohiyo walizuia machimbo ya kokoto. Wakajiona werevu, na kweli walikuwa werevu, kwa kadiri ya viongozi waliokuwa nao wakati ule.

Lakini sheria ina kifungu cha pili. Mwito wa kwanza ukishindikana, mwenyekiti anaweza kuita mara ya pili, na safari hiyo waliopo ndio wengi, hata wakiwa saba. Wenyeviti wa zamani hawakukitumia. Walielewa kwamba viti vitupu ni jibu. Baldomero naye alielewa. Ila yeye alikuwa ameshakunywa kahawa na kampuni.

Kikao cha kwanza kiliitwa mwanzoni mwa Julai. Wenye haki walikuwa mia na kumi na wawili, wakaja kumi na tisa. Siku hiyo kinuni, pale watu wanaposubiri kusagiwa mahindi, kulikuwa na vicheko mpaka nje. Mzee mmoja alisema Baldomero kahutubia viti mpaka viti vikasinzia. Baldomero hakukasirika. Alibandika karatasi ya pili mlangoni pa kinu hichohicho, akagonga misumari minne. Kikao cha mwito wa pili, Jumanne ya wiki ya tatu ya Julai.

Na ni nani katika El Garambullo asiyejua kunakuwa na nini wiki hiyo? Kila Julai watu wa Querétaro hutembea kwa miguu hadi kwenye kanisa la Bikira wa Tepeyac, zaidi ya siku kumi njiani, wanaume na kundi lao, wanawake na lao. Kijijini hubaki wagonjwa, wazee, na wanaowatunza. Hilario alikuwa ameweka nadhiri ya kutembea miaka mitatu mfululizo ili Bikira amwachie mkewe. Mwaka huo ulikuwa wa tatu. Mifuko ya dawa angeibadilisha Nieves.

Hilario aliiona karatasi. Aliisoma polepole, maana kusoma kwake kulikuwa kwa shida, akafika nyumbani akamwambia mkewe. Ilikuwa adhuhuri, maji ya dawa yanatoka, wote wawili wanautazama mfuko ukijaa.

"Usiende," Domitila akasema.

"Ni nadhiri, Tila. Ni kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nakwambia mimi. Bikira ana subira. Baldomero hana."

"Ni kompadre. Hawezi."

"Alimshika Nieves juu ya maji ya ubatizo, ndiyo. Hukuona siku ile? Alikuwa anatazama kamera."

Hilario hakuwa mtu wa kuvunja nadhiri, na moyoni aliogopa kwamba akiivunja, Bikira atakichukua alichokuwa amekiacha. Muelewe woga huo kabla ya kumcheka.

Asubuhi ya kuondoka, mahujaji walipokuwa wakibarikiwa mbele ya kanisa dogo, alimsogelea Baldomero akamuuliza habari za Jumanne. Aliuliza kwa njia ya kule, akianzia kwenye mvua na mbuzi. Baldomero akamtengenezea mkanda wa begi mgongoni kama mtu anayemsafirisha mdogo wake.

"Karatasi ni ya kutimiza sheria tu, kompadre. Bila nyinyi kikao nitakaa na nani? Na mbwa? Nenda na Mungu. Niombee na mimi."

Na Hilario alimwombea. Siku tatu za kwanza alimtaja Baldomero katika rozari kila jioni, pamoja na mkewe.

Siku ya nne simu ililia, wakiwa wamekaa kando ya barabara wanatoboa malengelenge kwa sindano na uzi. Alikuwa Nieves. Kikao kimekaa, akasema. Watu ishirini na watatu, wengi wao ukoo wa Rangel, na wazee wanne walioletwa kwa gari wakapewa nyama ya mbuzi ya kuoka. Wamepiga kura. Sehemu kubwa ya kibali cha kisima imepewa nyumba za mashine kwa miaka thelathini. Nieves mwenyewe alikwenda, lakini haki ni ya baba yake, si yake, kwa hiyo walimweka nje ya uzio na hakuhesabiwa.

Wanaume walipeana habari hiyo safu kwa safu. Wengine walitaka kurudi. Lakini kura ilikuwa imeshapigwa, na hija ikivunjwa njiani ni nuksi. Wakatembea. Hilario alifika Tepeyac akapiga magoti, na waliokuwa karibu naye wanasema hakuomba kitu. Alikaa tu akitazama juu.

Nyumba za mashine zilijengwa mwaka mmoja na nusu. Ni ndefu, za kijivu, hazina madirisha, na zinavuma mchana kutwa kama nyuki walio ndani ya pipa. Kazi za vijana wote ziligeuka kuwa kazi za walinzi sita na wafagiaji wanne. Na bomba la Hilario, lililokuwa likitoa maji kutwa, likaanza kutoa asubuhi tu. Kisha siku moja baada ya nyingine. Kisha likawa linakohoa upepo, linatema kutu, linanyamaza. Kijiji kikapangiwa boza la maji kila Alhamisi, na maji yenyewe yalinuka tope.

Hilario aliweka mapipa mawili, akachemsha, akachuja kwa kitambaa. Nieves akawa anammiminia mikononi kwa kikombe ili angalau yatiririke. Domitila alitazama kila kitu akiwa kitandani, na mizaha yake ikapungua. Siku moja tu alisema kwamba sasa wanafanana na Pilato na mtumishi wake.

Hilario alikwenda kwa Baldomero. Hakwenda kudai kisima kirudishwe. Alikwenda kuomba mpira mmoja mwembamba wa maji, kutoka kwenye bomba kuu linalopita mita arobaini tu kutoka chumba cha buluu.

"Nikikupa wewe, kesho watakuja wote," Baldomero akasema.

"Wote hawana mgonjwa wa mfuko."

"Kompadre, sikatai mimi. Ni mkataba. Sahihi ni sahihi."

"Ya kwangu haimo."

"Ndiyo," Baldomero akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, hilo ndilo baya zaidi. "Ya kwako haimo. Hukuwepo."

Akaenda manispaa, mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete nakala ya muhtasari wa kikao. Nakala anayo mwenyekiti. Mara ya pili aliambiwa mambo ya maji si ya manispaa, ni ya serikali kuu. Mara ya tatu mhusika alikuwa kwenye sherehe ya ufunguzi, anakata utepe pale pale kwenye nyumba za mashine. Akaenda langoni kwao. Mlinzi alikuwa Ponciano, jirani yake, mtu mzima aliyeuza mbuzi wake wote siku alipopata ile sare. Ponciano hakuweza kumwingiza. Aliangalia kamera, akaingia kibandani, akatoka na chupa mbili za maji ya kunywa amezificha ndani ya koti, akamwambia arudi kila siku ya zamu yake. Chupa za Ponciano ndizo pekee ambazo Hilario alipata kutoka kwa mamlaka yoyote, na zilitolewa na mlinzi, kwa kuiba.

Februari, mfuko ulitoka na maji meupe meupe kama ya kuoshea mchele. Kila anayefanya kazi ile anajua maana yake, ndilo somo la kwanza wanalofundishwa. Hilario aliunyanyua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akaushusha, akaunyanyua tena.

"Sema," Domitila akamwambia.

"Vaa viatu. Tunakwenda mjini."

Tumbo lilikuwa limeingia wadudu. Daktari wa kike, kijana mwenye macho ya usingizi, alimuuliza Hilario ananawa na nini. Hilario akamweleza mapipa, kikombe, boza la Alhamisi. Daktari aliandika yote, na Hilario akafurahi kuona yakiandikwa, akidhani sasa serikali itajua. Kumbe alikuwa anatoa ushahidi dhidi ya nyumba yake. Mpira uliondolewa tumboni ili ukoo wa wadudu ufe, na baada ya wiki tatu, wakati wa kuurudisha, mama wa ustawi wa jamii alikuja tena El Garambullo na karatasi zake. Alikisifu chumba. Alilisifu dirisha. Akafungua bomba la sinki, akasubiri, akalifunga.

"Siwezi kupitisha, don Hilario," akasema. "Kanuni inataka maji yanayotiririka. Nikipitisha, nitamuua mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Alilia ndani ya gari, Nieves alimwona. Lakini muone jinsi mambo yanavyokwenda: waliomnyima maji hawakuandikwa popote, na nyumba iliyonyimwa ndiyo iliyoandikwa kuwa haifai.

Ikabaki mashine ya kusafisha damu, kule mjini, mara tatu kwa wiki. Orodha ilikuwa ndefu, Domitila akapewa mara moja kwa wiki mpaka nafasi itokee. Alivimba miguu, kisha mikono, kisha uso. Alipumua akiwa amekaa, kwa sababu akilala maji yalimpanda kifuani. Na yeye aliyekuwa amejaa maji hakuruhusiwa kunywa zaidi ya glasi mbili kwa siku.

Siku yake ya mwisho, mchana, alimwomba Hilario amlowanishe midomo. Hilario alichovya pamba kwenye chupa ya Ponciano.

"Nilikwambia usiende," Domitila akasema.

"Ulinambia."

"Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba nilikwambia."

Nafasi ya mara tatu kwa wiki ilitokea siku nne baada ya mazishi. Walimpigia Nieves simu kumwuliza mama yake atafika saa ngapi.

Kule El Garambullo marehemu huombewa rozari siku tisa, na nyumba yenye msiba huwapa waombaji kahawa na mkate. Siku ya kwanza watu wakajaa, na pipa likawa limebaki na tope la chini. Ilikuwa Jumatatu. Wanawake walisimama jikoni na sufuria kubwa tupu, wakitazamana. Ndipo Baldomero akaja, amevaa nyeusi, na nyuma yake gari limebeba katoni ishirini za maji ya chupa, zenye alama ya kampuni. Alizishusha mwenyewe, moja moja, akazipanga ukutani. Kisha akamkumbatia Hilario.

Watu wote walidhani Hilario atamtemea mate. Nieves alikwishainua katoni moja ili airushe nje.

"Iweke chini," Hilario akamwambia binti yake. "Watu wanataka kahawa."

Basi wakafungua chupa, wakachemsha, wakatia mdalasini na sukari guru. Rozari ikasomwa. Hilario akapewa kikombe cha kwanza kama mwenye msiba, akakinywa chote, Baldomero amekaa kando yake kama kompadre, magoti yao yanagusana. Na siku zote tisa ikawa hivyo.

Mafunzo ya hadithi hii

Domitila hakuuawa na mashine. Mashine haina akili ya kuua mtu, inavuma tu. Aliuawa na mwenyekiti aliyejua tarehe ya hija, na manispaa iliyojua kukata utepe, na sheria inayowaita waliopo "wengi". Hao wote wako salama. Baldomero bado ni mwenyekiti, na mwaka jana amewasimamia ubatizo watoto wengine watatu.

Nasi tulikosea. Tulidhani kunyamaza ni kukataa. Kiongozi mwema huogopa viti vitupu, lakini kiongozi mbaya huviita kura. Usimwonee haya mtu anayekuuza. Mkatalie usoni, hata kama ni kompadre, hata kama Jumapili mtapeana amani kanisani. Na mtu akikuambia nenda na Mungu, muulize kwanza yeye anabaki na nani. Hata hivyo kosa la mjinga na kosa la mwenye mhuri hayapimwi kwa mizani moja, na asije mtu akatuambia tulijitakia.

Kampuni inataka kujenga nyumba ya pili. Karatasi imebandikwa mlangoni pa kinu tangu juzi, misumari minne. Nyinyi wenzangu wa El Garambullo, kikao cha mwito wa kwanza ni Jumapili hii, saa nne asubuhi. Nendeni. Nendeni wote, na mnyanyue mikono.

Lakini kwa maneno yanayosikika pale kinuni, na kwa vicheko, hamtakwenda.